Karatasi Niliyoichomeka Kanisani

Kitale watu wananijua kwa duka langu la mbegu, lakini Myanga wananijua kwa jambo lingine, na nikipita huko mpaka leo huwa natazama chini, kwa hiyo acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana aibu ni yangu na simsingizii mtu.

Mama alipofariki aliniachia shamba la ekari tatu huko Kwanza, karibu na Kitale. Dada yangu Nyokabi naye aliachiwa tatu, akaolewa, mumewe akaziuza bila hata kumuuliza, na leo dada anafanya kibarua kwenye shamba lililokuwa lake (sitanii, nimemwona kwa macho yangu akipalilia mahindi ya mtu). Ndiyo maana nilipochumbiwa na Wafula, mwalimu wa Myanga, mtu mpole ajabu, nilienda kwa wakili akaniandikia mkataba wa kabla ya ndoa: changu changu, chako chako. Hapo sikukosea. Kosa ni kwamba nilishindwa kumwambia. Kila nikijaribu roho inanidunda, naona atafikiri namdhania mwizi, mwisho nikasema ah, siku ya kujaza fomu za kanisa nitauchomeka katikati, atatia sahihi zote mara moja kama watu wanavyofanya.

Kwetu Kitale mchungaji anakuonyesha tu pa kutia sahihi, hapa na hapa, mnaenda kunywa chai. Sikujua kwamba mchungaji wa Myanga, kwa kuwa wazee wengi pale hawasomi, husoma kila karatasi kwa sauti mbele ya jamaa zote mbili kabla mtu hajashika kalamu.

Basi Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, tumeketi kanisani: baba yake Wafula mbele na fimbo yake, senge yake (ndivyo wanavyomwita shangazi huko), mjomba wangu kutoka Kitale, kamati nzima ya harusi, na kwaya nyuma inafanya mazoezi. Mchungaji akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika ya nne. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wakili, naye kwa wema wake akawa anaitafsiri polepole ili wazee wasipitwe, kwamba ndoa ikivunjika mume hatadai shamba, kwamba mume akifa jamaa zake hawatakanyaga shamba. Wanakwaya wakasogea kusikiliza. Mjomba, aliyejua habari yote, akaanza kukagua viatu vyake.

Mzee akanigeukia, wala hakupandisha sauti. "Mama, ni nani hapa alikuomba shamba?"

Mzee huyo alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nipokewe vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wafula akauliza tu kama karatasi ni yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Akaivuta, akaisoma mpaka mwisho, akatia sahihi. Nikapumua (mjinga mimi), nikadhani yameisha, nikamsogezea fomu ya ndoa. Akairudisha.

"Hiyo ya shamba ungenipea tu nyumbani, ningesaini," akasema. "Lakini hii siwezi, Wairimu. Sijui umenificha nini ingine."

Akainuka, akamshika baba yake mkono, wakatoka. Jumamosi vijana wakaja kushusha hema la harusi, na senge akaturudishia chakula tulichokuwa tumeleta.

Sijutii mkataba. Binti yeyote mwenye kitu chake namwambia aandikishe, ila amwambie mwenzake kwa mdomo, wakiwa wawili, hata roho ikidunda namna gani. Mimi nimeapa kwamba nikipata mwingine nitamwambia siku ya kwanza, hata kabla hatujazoeana. Lakini ni miaka mitatu sasa na huyo mwingine simtaki, namtaka Wafula, na Wafula alioa Agosti.