Nilihesabu mipira kwa visoda, na bado nikaharibu mkono wa mtoto wa jirani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani.

Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Lakini juzi kuna mzazi aliuliza ni dawa gani ya kuchua inafaa kiwiko cha kijana wake anayerusha mpira wa besiboli, maana kijana analalamika na game iko Jumapili.

Alijibiwa na watu wengi. Mmoja akasema mafuta ya mbuni. Mwingine maji moto na chumvi. Mwingine akasema mkono unakomaa tu, amwache.

Hayo majibu yote nimewahi kuyatoa mimi, kwa mdomo wangu. Ndiyo maana nimekaa niandike. Nitasema ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha, na ni pengi.

Mimi ni fundi wa mbao, Kawangware. Nilitoka Kitui na cheti cha Form Four na begi moja, sasa nina miaka sitini na saba na magoti mabovu.

Besiboli ilinikuta kwa karakana. Mwalimu wa shule ya karibu aliniletea bat iliyopasuka, lile gongo la kupigia mpira, akauliza kama naweza kuchonga nyingine. Nikachonga kwa mkaratusi. Ya kwanza ilikuwa nzito kama mchi na imepinda, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya tatu ikakubali.

Nikaenda kuona inavyotumika. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Mwalimu alipohamishwa, nikabaki na watoto ishirini na sheria nilizosoma kwa simu. Hivyo ndivyo mtu anakuwa kocha huku kwetu. Hakuna aliyeniuliza kama najua lolote kuhusu mwili wa mtoto, na mimi sikujiuliza.

Kwa wasioujua huu mchezo: kuna mmoja anasimama katikati, anaitwa pitcher. Yeye ndiye anamrushia mpigaji mpira, kila mara, kwa nguvu zake zote. Wengine wanaweza kukaa robo saa bila kugusa mpira. Pitcher hapumziki. Ukiwa na pitcher mzuri unashinda, hata wengine wakiwa wamesimama tu kama nguzo za stima.

Wetu alikuwa Adhiambo. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mtoto wa Mama Adhis anayeuza omena, vile visamaki vya ziwani, mlango wa tatu kutoka karakana yangu. Msichana mwembamba, haongei sana, lakini mpira ukitoka mkononi mwake unausikia ukipita.

Vijana wa timu zingine walikuwa wakimcheka akisimama pale. "Wametuletea dem!" Baada ya mipira mitatu nasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Enda wewe kwanza. Huyo anarusha mawe."

Nilipenda sana kusikia hivyo. Nakiri.

Sasa, sikuwa mjinga kabisa. Nilikuwa nimesoma kwamba pitcher mdogo lazima ahesabiwe mipira, maana mkono wake una kikomo. Nikatafuta visoda sitini, vile vifuniko vya chupa za soda, kutoka kwa kiosk. Vyote mfuko wa kulia wa koti. Kila akirusha, kisoda kimoja kinahamia mfuko wa kushoto. Kulia kukiisha, anatoka, hata tukiwa tunapigwa.

Watoto walijua. "Fundi, zimebaki ngapi?" "Fundi amelala, hahesabu!" Adhiambo mwenyewe, kabla ya kurusha, alikuwa anatupia mfuko wangu jicho.

Nilijiona mtu mwangalifu sana. Wazazi walinisifu.

Shida ilianzia kwa glovu.

Tulikuwa na glovu nne za kudakia, watoto ishirini. Timu ya Kianda, kule Kibera, ilikuwa na begi zima. Kocha wao ni kijana anaitwa Wafula, mtu wa roho safi. Akakubali tuchukue begi kila Ijumaa, tucheze nalo Jumamosi, tulirudishe Jumapili baada ya kanisa.

Wengi wenu mnajua vile tunaishi kwa ploti, milango mingi ua mmoja. Jirani akikuletea kitu kwa bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia hata mayai mawili, hata nyanya tatu. Mama yangu alinifundisha hivyo Kitui, na nikawapata Waluo, Waluhya na Wakikuyu wa ploti yetu wanafanya vivyo hivyo. Mtu wa kurudisha chombo kitupu tunamjua, na tunamsema.

Nami nilikuwa narudisha begi la watu likiwa na glovu zao na vumbi letu.

Jumapili ya tatu hivi nikamwambia Wafula, "Kijana, naona aibu. Sina kitu cha kukupa."

Akacheka. "Mzee, unacho. Niletee yule msichana anirushie game moja."

Nikampeleka. Ile wiki iliyofuata nikampeleka tena. Ikawa kawaida: begi likirudi Kianda, Adhiambo anarudi nalo. Jumamosi anarushia sisi, Jumapili anarushia Wafula. Mama yake alidhani Jumapili anaenda kubeba begi na kutazama. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Wakuu, someni hapo tena. Nilikuwa nahesabu visoda Jumamosi kwa uaminifu wote, halafu Jumapili nautoa mkono uleule kama sahani ya mandazi. Kule hakuna aliyehesabu. Na katikati ya wiki alikuwa anarusha mazoezi nyuma ya karakana yangu, mimi nikipiga randa na kumwambia, "Vizuri, tena." Hiyo pia sikuihesabu. Kwa akili yangu, mpira wa mazoezi haukuwa mpira.

Dalili zilikuja, tena hazikujificha.

Kwanza aliacha kumsuka mdogo wake. Nilisikia yule mdogo akilia kwa mlango, "Adhis hataki kunisuka!" Nikadhani ni kiburi cha umri.

Halafu Mama Adhis akapita karakana na karai lake. "Fundi, huyu mtoto ananichambulia omena na mkono wa kushoto. Tangu lini?"

Nikamwambia, "Ni misuli inakomaa, mama. Mkande na maji moto na chumvi."

Akamkanda. Wiki nzima, kila jioni. Adhiambo akaniambia inapoa kidogo akikandwa. Nikafurahi. Sikufikiri kwamba kunyamazisha maumivu ni kama kuondoa betri kwa king'ora ili ulale.

Nilimuuliza mara moja tu, "Inauma?" Akasema, "Si sana, Fundi." Nilikuwa nimesimama na begi la glovu begani nikimuuliza. Angesema nini?

Kukaja mashindano madogo ya siku mbili, Jumamosi kwetu na Jumapili Kianda. Jumamosi alimaliza visoda vyote sitini. Tulishinda.

Jumapili nikaenda naye Kibera. Wafula alikuwa amesikia kuhusu visoda vyangu, akaniambia, "Mzee, leo nihesabie na mimi, tusimchoshe." Ni yeye aliyesema hivyo. Nataka ijulikane, maana kuna watu walimlaumu baadaye.

Game ikawa ngumu. Tuko sawa kwa sawa, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa shule, na visoda vinaisha. Kisoda cha mwisho kikahamia kushoto.

Wafula akanigeukia. "Mzee, zimebaki?"

Nikamwambia, "Ziko."

Nikatia mkono mfuko wa kushoto, nikachota visoda, nikavimwaga tena mfuko wa kulia. Taratibu, visilie.

Sina maelezo mengine. Sikulazimishwa. Nilitaka kushinda, tena kwa timu ambayo haikuwa hata yangu.

Alirusha mingine kama kumi hivi. Halafu mmoja haukufika. Ulianguka hatua tatu mbele yake na kubiringika polepole kama chungwa lililodondoka sokoni. Yeye akabaki amesimama, ameshika kiwiko kwa ndani, hata halii. Watu wa ukutani walicheka kwanza, wakadhani anafanya mzaha.

Kliniki walipiga picha. Mtaalamu wa mifupa alikuwa mama wa makamo, mpole, na huo upole ndio uliniumiza.

Akauliza, "Mkono huu umerusha mara ngapi?"

Nikasema, "Sitini."

"Kwa siku ngapi?"

Nikashika mfuko wa koti. Adhiambo akanitazama, halafu akatazama sakafu.

Yule mama akatueleza. Mfupa wa mtoto bado unakua, na pale unapokua ni laini. Kila akirusha kwa nguvu, misuli inavuta hapo. Mtu mzima angechoka misuli. Mtoto anabanduka mfupa, kidogo kidogo, na siku ya mwisho unasikia ni kama ajali. "Hii haikutokea leo," akasema. "Leo ndiyo imeonekana."

Nilimuuliza kuhusu kukanda. Akasema maumivu ya kiwiko au bega kwa mtoto anayerusha si ya kukandwa ili arudi uwanjani. Ni ya kumtoa uwanjani, siku hiyohiyo, na kumleta aonwe.

Akaniambia pia kwamba mwili haujui jezi. Kila mpira ni mpira, wa timu hii au ile, wa game au wa nyuma ya karakana. Kwamba akirusha sana leo, kesho harushi, apumzike siku kadhaa kulingana na umri wake na idadi aliyorusha. Kwamba akitoka kurusha asipelekwe kudaka nyuma ya mpigaji siku hiyo, maana pale pia anarusha kila mara. Na kwamba kila mwaka apate miezi kadhaa bila kurusha kabisa, acheze kitu kingine, hata kuruka kamba.

Hakuna gumu hapo. Yote ningeyapata kwa simu ileile niliyosomea sheria. Nilisoma namna ya kushinda, nikaruka namna ya kumtunza.

Jioni ile nilimwambia Mama Adhis ukweli wa Jumapili zote. Alikuwa anapepeta omena. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hivyo ulikuwa unamuazimisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama karai."

Nikaokota omena iliyoanguka chini, nikamrudishia.

"Fundi, wewe ni mtu mzima. Ningekupigia kelele, lakini mtoto amelala."

Hizo ndizo kelele alizonipigia.

Adhiambo alikaa mkono umefungwa, halafu mazoezi ya kuunyoosha, miezi mingi. Anaandika, anasuka, anabeba maji. Lakini mkono haunyooki wote. Ukimwambia anyooshe yote miwili, wa kulia unabaki umepinda kidogo, kama bat yangu ya kwanza. Kurusha, basi.

Begi la glovu nililirudisha Kianda peke yangu, na mara hiyo halikuwa na kitu cha shukrani. Wafula alilipokea, akaliweka ndani.

Mwaka huu Mama Adhis akahamia Kisumu Ndogo, hukohuko Kibera, karibu na dada yake. Siku ya kuhama, mizigo ikiwa tayari kwa mkokoteni, alikuja karakana na bakuli la omena iliyokaangwa, limefunikwa na sahani.

"Fundi, usilale njaa," akasema, akaenda.

Nilikula ile omena siku mbili. Bakuli nikaliosha, likakaa juu ya meza wiki sita. Nilikuwa nalitazama kila asubuhi. Unamrudishia nini mtu kama huyo? Unga? Sukari?

Mwishowe nikanunua vyote viwili, nikaenda. Mama Adhis akapokea, akanipa kiti, akatia chai. Adhiambo akatoka ndani. Amerefuka. Akasalimia kwa mkono ule.

Akaniambia siku hizi Jumapili anamsaidia Wafula na wadogo. "Kuna kadogo kanarusha vizuri sana, Fundi. Kanataka kurusha tu. Wafula anasahau kuhesabu."

Halafu akauliza, "Visoda bado uko navyo?"

Nilikuwa navyo. Koti ni lilelile, sijawahi kuvitoa. Nikavimimina ndani ya lile bakuli.

Akavihesabu hapo mezani, kimoja kimoja, mpaka mwisho. Akasema, "Sixty. Lakini hako ni kadogo, hesabu yangu itakuwa thirty. Na mazoezi nahesabu."

Akaweka thelathini kando. Bila kuniangalia akasema, "Siku ile nilikuona, Fundi. Vile ulivirudisha."

Nikamuuliza mbona hakusema pale kliniki.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema, akaendelea kupanga visoda.

Nilitembea kutoka Kisumu Ndogo mpaka Kawangware kwa miguu, na haya magoti. Sikutaka kukaa karibu na mtu kwenye matatu.

Sasa wewe mzazi uliyeuliza dawa ya kuchua. Sijui unaitwa nani. Usimchue. Jumapili usimpeleke. Mpeleke aonwe, halafu ukae naye mhesabu pamoja mipira yote ya wiki hii, ya kila mahali, hata ile aliyorusha ukiwa huangalii. Ukimuuliza kama inauma, weka begi chini kwanza.

Wengine mlio makocha wa mitaani kama mimi, mlioanza bila kufundishwa, mnahesabuje? Na nani anawahesabia nyinyi? Semeni hapa chini. Hata kunitukana, tukaneni, nitasoma zote.