Sauti Iliyopita Puani

Binti yangu wa mwisho alizaliwa na mdomo mzuri, na aliyemtazama hakuona kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa ndani. Akinyonya, maziwa yanarudi puani. Wanawake wa kwetu, upande wa Minjila, walisema ataacha akikua. Akakua, akaanza kusema, na maneno nayo yakafuata njia ya maziwa. Akisema jambo, watu walinitazama mimi, wakisubiri niwaambie amesema nini.

Mimi nilimsikia. Sikufundishwa. Shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuswaga ng'ombe za watu hadi nikapata wangu, na hakuna aliyenipa hata kwato. Maisha yangu yote nimekula kwa kusikiliza visivyosema: ng'ombe, mto, uso wa dalali. Mtoto anayesemea puani hakunishinda.

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ndama wa kwake. Wake alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ng'ombe wetu wana majina, na huja wakiitwa. Huyu tulipomwita sisi, kwa jina lake sawasawa, aliendelea kula. Binti yangu akimwita, kwa ile sauti ndefu ya puani kama mtu anayeimba amefunga mdomo, ng'ombe alikuwa anainua kichwa, anapita katikati ya wenzake na kuja moja kwa moja. Mtoto alimngojea amesimama kama chifu.

Sikuona haja ya kubadilisha kitu, mpaka siku moja soko la Garsen mtoto aliponiponyoka mkononi. Nilimkuta amezungukwa na watu wema. Wanamuuliza baba yake ni nani. Anawaambia. Wanauliza tena, anawaambia tena. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, kama mtu mzima. Nikambeba, nikaenda naye nyumbani bila kununua nilichokwenda kununua. Njiani nilikuwa na swali moja. Mimi ni mzee. Nikifa, huyu atasema na nani? Na ng'ombe?

Daktari aliyekuja kupima watoto pale Garsen alimmulika mdomoni kwa tochi. Akasema kuna tundu kwenye kaakaa, linashonwa, ila ni Mombasa, na tumechelewa. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, arobaini haijaisha. Basi nikaenda mimi, na ndevu zangu nyeupe, kwenye wodi ya akina mama.

Sista alinieleza mapema kwamba kesho asubuhi mtoto asile kitu. Nikasema sawa. Asubuhi aliamka analalamika tumbo, nikampa kikombe cha maziwa, akatulia. Sista akaja.

"Amekula?"

"Hajala."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Amekunywa maziwa tu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, maziwa ni chakula."

"Kwenu."

Sikuwa namfanyia kiburi. Kwetu mtu akiwa amekunywa maziwa asubuhi, ukimuuliza kama amekula atakwambia bado. Kula ni kutafuna. Sista akanieleza polepole kwamba mtoto akilala kwa dawa ya usingizi na tumbo lina maziwa, yale maziwa yanaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo hakuna wa kumrudisha. Hilo nililielewa. Maziwa kupita njia isiyo yake nilikuwa nimeyaona tangu mtoto azaliwe. Wakaahirisha hadi siku ya pili.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mkulima wa Golbanti, mwanawe ameungua mkono. Alikuwa amesikia yote na anacheka ndani ya leso.

"Nyinyi watu wa ng'ombe," akasema, "kama maziwa si chakula, chakula chenu ni nini?"

"Mahindi yako."

"Hayo nayajua. Msimu uliopita ng'ombe zenu ziliingia shambani kwangu. Nyekundu nyekundu zile. Moja ina doa jeupe hapa." Akagusa paji la uso wake.

Nikatazama dirishani. Binti yangu akainuka kitandani, akasema maneno mengi kwa mkupuo.

"Anasema nini huyu?" mama akauliza.

"Anasema huyo ni wake. Na hakula."

"Mwambie mahindi nimesamehe. Nataka ng'ombe mwenyewe aje aniombe radhi."

Nikamwambia. Mtoto akafikiri, kisha akasema atamleta. Tangu hapo yule mama akawa anamwita mwenye mali, na akawa ananikosoa kwa kila kitu: namna ninavyomfunga kanga, ninavyomwosha uso kama nasugua sufuria. Nilimwacha. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa sijui.

Siku walipomchukua, mtoto hakulia. Aliniita mara moja tu mlangoni, "Aba," kwa ile sauti yake, na mlango ukafungwa. Nataka niseme wazi: kama ningejua kwamba ile ndiyo mara ya mwisho kuisikia hivyo, ningemwambia sista asubiri kidogo.

Walimrudisha akiwa amefungwa vibao mikononi, asikunje viwiko akatia vidole mdomoni. Uso umevimba, damu kidogo puani. Daktari akasema kazi imekwenda vizuri, kilichobaki ni anywe. Asile kigumu, asinyonye mrija, anywe kwa kikombe, sana, asikauke. Nikajua hilo ni jepesi. Huyu ni mtoto wa maziwa.

Nilimwekea kikombe karibu. Akanusa, akageuza uso. Nikamwekea tena, akageuza tena. Alinitazama tu, mikono yake imenyooka mbele kama ya mtu aliyebeba kuni. Sista alijaribu. Mama wa Golbanti alijaribu kwa nyimbo za kwao. Ikawa anafunga mdomo kabla kikombe hakijafika. Daktari akasema ikiendelea hivi atarudishwa kwenye dripu, na mshono ukikauka unaweza kuachia, tuanze tena upya.

Nikampigia mama yake.

"Anakunywa?" akauliza kabla ya salamu.

"Hanywi."

Nilimsikia mchanga akilia huko, na mbuzi.

"Ni maziwa ya pakiti?"

"Ya pakiti."

"Hayana moshi," akasema.

Nilikaa na ile simu sikioni nikajiona mjinga, mimi ninayesifiwa kwa kusikia visivyosema. Kwetu kibuyu hakitiwi maziwa kabla ya kufukizwa. Mwanamke anachoma vijiti vya mti wenye harufu nzuri, anaingiza makaa ndani, anatikisa, anakifunika hadi moshi unazama. Maziwa yasiyo na moshi mtoto wetu hayajui. Kwake yale yalikuwa maji meupe ya watu wengine.

Mama yake akafukiza kibuyu, akakifunga kwa kitambaa, akakituma kwa dereva wa basi. Nilipokwenda kukichukua stendi, mama wa Golbanti alikaa na binti yangu. Niliporudi, sista akanisimamisha mlangoni.

"Hicho hakiingii mdomoni kwa mtoto mwenye mshono."

"Hakiingii mdomoni," nikasema. "Kinaingia puani."

Akanipisha, ila alisimama pale pale aone.

Kibuyu kilikuwa kitupu. Nikakifungua kifuniko chini ya pua ya mtoto, na kikombe cha hospitali, cha maziwa yale yale ya pakiti, nikakiweka kwenye midomo yake. Akafumba macho. Akanywa. Akakoma kidogo, akavuta harufu, akanywa tena hadi kikombe kikaisha, na hata tone moja halikurudi puani. Tangu azaliwe, sikuwa nimeona hilo.

Na mimi ile harufu ilinipata. Nimelala mbali na kwangu maisha yangu yote, nimelala vichakani na ng'ombe za watu, nimelala Nanighi nikingojea mto ushuke, na sikuwahi kupatamani nyumbani. Siku ile, pale kwenye dawa na sakafu ya kung'aa, nilimwona mke wangu amechuchumaa kwenye jiko, nikasikia ng'ombe wakiingia zizini, nikataka kwenda kwangu hata kwa miguu. Nilishika kibuyu tu.

"Leta na mimi," akasema mama wa Golbanti.

Nikampa. Akanusa. "Kinanuka nyumba inayoungua," akasema. Lakini alikaa nacho kidogo kabla ya kunirudishia.

Tuliporudi Minjila kazi haikuwa imeisha. Daktari alisema kaakaa sasa lipo, ila mtoto hajui kulitumia, lazima afundishwe kutoa pumzi kwa mdomo. Tuliokota manyoya ya yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, akawa anayapuliza kiganjani. Kisha maneno. Pa, pa, pa. Ba, ba, ba. Kila siku baada ya kukamua, mimi na yeye, tumeketi nje kwenye ngozi.

Jirani alipita na fimbo yake. "Mzee, umerudi chekechea?"

"Mimi nimerudi," nikamjibu. "Wewe hujawahi kwenda."

Ilichukua muda mrefu. Halafu siku moja, katikati ya kupuliza manyoya, akasema, "Aba." Ilitoka mbele, kwenye midomo, imenyooka na safi kama ya mtoto yeyote. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mama yake akatoka ndani na mchanga mgongoni, akasimama tu. Nilifurahi, na asiseme mtu kwamba sikufurahi.

Jioni hiyo akaenda kumwita ng'ombe wake kwa sauti mpya, jina limekamilika. Ng'ombe akaendelea kula. Akaita tena. Ng'ombe akapiga mkia. Mtoto akanigeukia.

"Aba, hanijui."

"Msogelee."

Akaenda, akamshika chini ya shingo, ng'ombe akamnusa nywele, akamlamba mkono. Alimjua kwa mkono. Sauti ilibidi waanze upya, na wakaanza, na baada ya mvua moja akawa anakuja.

Sasa binti yangu yuko shule ya bweni, gredi ya saba. Anasoma mashairi mbele ya watu. Mwalimu alinipigia kunisifia sauti yake, na nikamshukuru. Jumapili ananipigia kwa simu ya matroni, anasema haraka, Kiswahili chake kimenishinda, na Sheng' ameongeza. Kila mtu anamsikia. Mara nyingine ni mimi ninayemwambia, "Rudia, sijakusikia." Anacheka. "Aba, umezeeka." Swali nililobeba kutoka soko la Garsen limejibiwa. Nikifa leo, ana watu wa kusema nao, wengi.

Lakini ile sauti ya kwanza hakuna aliyeihifadhi. Hatukuwa na simu za kurekodi. Yeye mwenyewe haikumbuki. Nilimwomba likizo iliyopita ajaribu, akatoa mlio wa kuchekesha, haukuwa wenyewe. Mama yake anasema anaikumbuka, ila hawezi kuitoa.

Madalali wananiambia yule mwekundu ameshazeeka, hazai tena, nimpeleke mnadani. Nawaambia si wangu.

Juzi nilikuwa naye peke yangu kwenye tambarare, maji ya mafuriko yameshuka, nyasi mpya. Alikuwa mbali, amenipa mgongo. Nilitazama huku na huku nikahakikisha hakuna mtu. Nikafunga mdomo, nikavuta jina lake kwa puani, refu, kama alivyokuwa akilivuta yule mtoto. Mara ya kwanza ilitoka vibaya. Mara ya pili nikaishusha kidogo.

Ng'ombe akainua kichwa. Akageuka, akapita katikati ya wenzake na kuja moja kwa moja, kwa mwendo wa kizee. Alipofika hakunitazama mimi. Alinusa hapa chini kwenye kiuno changu, urefu ambao kichwa cha mtoto kingekuwa, akanusa tena, kisha akasimama hapo akingoja.