Siku Bia ya Moto Iliposhinda Kesi

"Ya moto ama baridi?" Hakuna baa Kisumu utakayokaa bila kuulizwa hivyo, ya moto ikiwa ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Jumamosi mchana injinia mmoja Mbelgiji alituletea bia ya kwao, chupa nene yenye kizibo kilichofungwa kwa waya. Mhudumu akaikimbiza kwenye friji.

"Hapana, Mama!" mgeni akaruka. "Hii hainywewi baridi."

Kwenye kona, mzee mmoja mstaafu wa reli akakunja gazeti lake mara nne. Miaka yote tumemcheka kwa kunywa bia ya moto, eti anakunywa uji.

"Mgeni, rudia hiyo maneno," akasema. "Sema kwa nguvu, hawa watu ya friji wasikie."

Mgeni akammiminia. "Polepole, Mzee. Hii ni kali."

"Kali kwa nani? Mimi ni mtu wa Asembo!"

Akamaliza glasi tatu, akainua kidole atuhutubie, akasimama. Magoti yakakataa. Akajaribu tena, akaanguka na kiti.

"Nitaongea nikiwa hapa chini," akatangaza.

Basi, wasomaji, bia ya moto imeshinda kesi. Sisi tulioshindwa ndio tuliombeba mshindi hadi kwake, mimi nikiwa upande wa miguu.