Duka la Chuo Limetoka Mlowo

Karani wa chuo kimoja huku Mbozi alikuwa ameshanyanyua muhuri agonge barua yangu, akaurudisha mezani. "Subiri kidogo, mzee. Duka linakuja."

Nikachungulia dirishani. Kwenye matope ya mvua ya siku mbili alikuja mama mmoja, beseni kubwa kichwani, mikono inaning'inia. Wanachuo walikuwa wameshajipanga barazani. Kwenda dukani na kurudi kunakula asubuhi nzima, na wiki hiyo walikuwa na mitihani. Tunduma nimeona maduka ya ghorofa, lakini sijaona linalosubiriwa hivi.

"Nitueni," alisema, na wasichana wawili wakamtua. Ndani mlikuwa na nyanya, dagaa, sabuni, mafuta ya kupima na chumvi ya Ivuna.

"Umetoka wapi, mama?" nikamuuliza.

"Mlowo."

"Kwa miguu, na mvua hii?"

Alinitazama kwa huruma. "Sasa baba, hawa wangekula nini?"

Mali ilipobaki nusu, akataka kwenda nyumba za walimu. "Nitwike, baba." Nikainama kwa majivuno ya mwanamume. Beseni halikuondoka chini mpaka karani alipokuja kushika upande wa pili, ndipo akarudi kunigongea barua.

Ukutani kwa karani pana ramani ya chuo. Duka limechorwa vizuri kando ya geti, na paa jekundu, ingawa pale getini nilipopita niliona nyasi tu. Nilipogeukia dirisha, duka lilikuwa linapanda kilima, mwenyewe hajaligusa hata kwa kidole.