Kibuyu cha Mbegu

Juzi nilikwenda msibani Ilongero, nikapewa uji wa uwele kwenye kikombe cha bati. Funda la kwanza tu, nikajiona niko jikoni kwa bibi, enzi za Mwingereza, kisichana cha kuchunga ndama. Ile ladha ya uwele uliokaa kwenye moshi, wewe uliyekulia kwetu unaijua.

Juu ya mafiga bibi alining'iniza kibuyu cha mbegu, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Sheria ilikuwa moja: mbegu haziliwi. Bibi alikuwa na mkono mwepesi, na ukikitazama sana kibuyu ulijitafutia kofi.

Ukaja mwaka wa njaa. Tarishi wa mtemi alitangaza kwamba chakula cha serikali kiko njiani. Tukangoja mpaka tukaacha kukitaja. Tulikula mboga ya mlenda tu, bila ugali. Mdogo wangu alilia akinyoosha kidole juu, bibi akamwambia, "Hicho si chakula, ni shamba."

Kisha mke wa jirani akajifungua, maziwa hayakutoka. Bibi alikwenda kumwona, akarudi, akakishusha kibuyu, akamimina nusu ya mbegu.

"Saga," akaniambia. "Mzazi apate uji."

Nilisaga kwa hasira, sikufichi. Mdogo wangu mwenyewe amenyimwa!

"Bibi, si ulisema haziliwi?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Ninyi mmeshajua kungoja. Yule wa jana hajajua."

Alisema hivyo huku machozi yanamtoka, akaulaumu moshi.

Habari haikai. Kesho yake jirani mwingine, mwanamume mwenye nguvu zake, akaja na kibakuli. Bibi akamjibu bila kupepesa macho, "Mbegu haziliwi."

"Mama, jana umetoa!"

"Jana nilitoa. Karibu mlenda."

Wakala pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge kitupu cha nafaka, nimeziba mdomo nisicheke.

Mvua iliponyesha tulipanda nusu ya shamba. Nusu ya pili ilibaki magugu, na mwaka uliofuata tulilala njaa tena. Yule mzazi alikuja kutusaidia kupalilia, mtoto mgongoni, mnene. Bibi alimpokea mtoto, akacheza naye, ile nusu hakuitaja.

Nampenda bibi yule hadi leo, na hadi leo sijui aliijuaje siku ya kuivunja sheria yake. Sasa mimi ndiye bibi. Mbegu zangu nanunua dukani, zimepakwa dawa nyekundu ya sumu. Hizi haziliwi kweli, hata abishe hodi nani.