Kabati la Shangazi na Mama Tela

Watu walimwita Mama Tela, na jina hilo alilipata kihalali. Ujanani alikuwa utingo wa lori, akipanga magunia na kuweka mawe nyuma ya magurudumu, mpaka siku dereva wake aliposhikwa na homa katikati ya safari, naye akashika usukani kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Tangu hapo hakuuachia. Miaka nenda miaka rudi alivuta lori lenye tela, akala kwenye meza za watu, akalala ndani ya kichwa cha gari magoti yakiwa kidevuni. Mali yake yote iliingia kwenye begi moja.

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, hakuchoka kumsema. "Dada, wewe utazeekea kwenye maegesho."

Mama Tela alicheka tu. Kumbe naye alikuwa na lake moyoni.

Shangazi yao, aliyewalea mama yao alipofariki, aliwaachia meza, viti vinne na kabati la nguo. Kabati lenyewe si mchezo: mbao ngumu nyekundu, milango miwili, na juu yake taji la maua ya kuchonga. Kwa kukosa pa kuviweka, vitu hivyo vikasukumwa stoo kwa mwalimu. Stoo ikavuja. Wadudu wakabungua miguu. Shemeji mmoja mwenye nia njema akalipaka kabati rangi ya bluu, eti lichangamke.

"Hizo sasa ni kuni," mwalimu alisema.

"Basi nipe kuni zangu," Mama Tela akajibu, akazipakia kwenye lori na kuzipeleka kwa seremala mmoja aliyeitwa Tartibu, kwa sababu hajazaliwa mtu wa kumharakisha.

Kila aliporudi safari, badala ya kupumzika, alikwenda kwenye karakana ya Tartibu kukwangua ile bluu. Msasa mkali kwanza, kisha laini, mpaka vumbi likamgeuza rangi ya nyusi. Kwenye yale maua seremala alimkataza kabisa kutumia msasa, kwa hiyo akayasafisha moja moja kwa mswaki wa meno. Mikono iliyozoea kupigana na usukani ikajifunza kugusa polepole. Jioni moja wekundu wa mbao ulipochungulia, alipiga kelele: "Fundi, njoo uone! Linapumua!"

"Kabati halipumui, mama," Tartibu alisema bila kuinua kichwa kwenye randa yake. "Ni wewe umeshusha pumzi."

Miguu iliyooza wakaikata, wakaunga mipya. Bawaba zikabadilishwa. Vanishi ilipokauka, hata mwalimu aliyekuja kuchungulia alizunguka kabati mara mbili, akapitisha kidole kwenye maua.

Mama Tela alipostaafu alihamia kwenye nyumba ndogo mwisho wa mtaa. Ukiingia unakutana na korido nyembamba; kulia ni chumba cha kulala, na mkabala wake, kushoto, jiko pana lisilo na mlango. Siku ya kuhama, Tartibu alikuja, na mwalimu akaja na wanawe wawili, vijana wenye mabega. Meza na viti viliingia bila maneno. Kabati, wakiwa wamelibeba kwa kulilaza, likapita mlango wa mbele vizuri, likafika kwenye kona ya kuingia chumbani, likagoma. Walilipindua, wakalisukuma, wakakwaruza ukuta. Kijasho kikawatoka. Kabati wala!

Wakalitua. Tartibu akashika tama.

"Mama, itaniuma kuliko wewe," alisema. "Lakini hapa tulikate taji, niliunge tena ndani."

"Au likae hapo hapo koridoni," mwalimu akadakia, "wewe uwe unapitia dirishani."

Vijana wakaangua kicheko. Mama Tela hakucheka. Alitazama kona, akatazama jiko, akatazama tena kona, huku kiganja chake kikikata hewani kushoto na kulia. Halafu uso ukamchanua.

"Hakikatwi kitu hapa. Tumekosea kutanguliza kichwa chumbani. Hili ni tela. Kwanza pua iingie jikoni mpaka mwili wote unyooke, halafu tunarudi kinyumenyume chumbani."

Akasimama ndani ya chumba, mikono juu, kama anayeongoza gari gatini.

"Kata kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwako! Hapo hapo. Sasa nyoosha. Njoo... njoo... njoo..."

"Mama mkubwa, mkono wangu!" akalia kijana mmoja.

"Mkono ni wako, utoe. Ukuta ni wangu, usiuguse! Njoo... simama!"

Kabati likaingia chumbani, taji na maua yake yote, likiacha nafasi ya kidole kila upande. Tartibu akavua kofia. Mwalimu akapiga makofi kama yuko darasani.

Baadaye ndugu wawili wakakaa kupanga nguo. Begi lote likajaza nusu ya rafu. Mwalimu alitazama zile rafu tupu kwa muda.

"Nilisema ni kuni," akanong'ona.

"Sijakukumbusha."

"Najua. Najikumbusha mwenyewe."

"Basi nisaidie kukunja hizi suruali, mwalimu, usinitie simanzi."

Kutulia hakukuja mara moja. Wiki za mwanzo Mama Tela alilala amejikunja pembeni mwa kitanda, kama bado yuko ndani ya lori, kisha mguu mmoja ukathubutu kunyooka, ukafuata wa pili. Chai alikunywa kwenye viti vyote vinne kwa zamu, ili, kama alivyosema, kisinune hata kimoja. Majirani nao hawakukawia kupata habari: ukikwama na sofa au friji, mwite yule mama. Naye alikwenda, akasimama mlangoni, akainua mikono.

Asubuhi moja mwalimu alimkuta mezani, kikombe mkononi, dirisha wazi. Lori likapita barabara kuu likinguruma. Mwalimu akamtazama usoni kwa jicho la pembeni, akitafuta hamu ya safari.

Mama Tela alitega sikio. "Gia ya tatu inamsumbua huyo," akasema, kisha akamsogezea mdogo wake kiti.