Masale ya Saa Sita

Desemba ikifika, Mchaga mwenye akili timamu hupanda mlimani. Mwenye duka la vipuri Dar anafunga duka, anayelala chumba kimoja anaazima gari la bosi, na wote wanamiminika Kilimanjaro kuwaonyesha waliobaki nyumbani jinsi walivyonenepa. Flavia Kalisti wa Kilema, mwaka huo, aliteremka. Tarehe kumi na tisa alipakia baiskeli yake ya maziwa kwenye behewa la mizigo, stesheni ya Moshi, akapanda treni na binti yake Kindness, wakaenda kuitazama bahari. Kijiji kizima kilikubaliana kwamba amerogwa, isipokuwa padri, ambaye kikazi haruhusiwi kuamini mambo hayo.

Flavia alikuwa na miaka arobaini na minne. Ndoa ilimshinda mapema, au yeye ndiye aliyeishinda, inategemea unamuuliza nani. Alirudi kwa baba yake na Kindness mgongoni, na kwa miaka kumi na tisa hakulala hata usiku mmoja nje ya kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Alikuwa na ng'ombe watatu na baba mmoja, na kati ya hao wanne, ng'ombe ndio waliokuwa wanasikia wakiambiwa. Kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye kituo kwa baiskeli. Wanaume walimcheka mwanamke anayeendesha baiskeli mlimani, mpaka walipozoea, wakaanza kuja kuazima pampu.

Kwa nini aende Desemba? Kwa sababu mwezi mwingine wowote hakuna wa kumwachia mzee. Mdogo wake Godwin, kitinda mimba, hukaa Dar. Mwaka huo mkewe Rachel alitangulia kuja tarehe kumi na saba na mabinti wao watatu, na mwenyewe akasema, "Wifi, nenda. Mzee nitamlisha, ng'ombe utanionyesha." Kindness naye alikuwa likizo ya chuo. Nafasi kama hiyo Flavia hakuwahi kuipata tangu arudi.

Shida ni kwamba mzee Kalisti alikuwa na ratiba yake. Mzee alifanya kazi reli, Moshi, miaka thelathini. Alistaafu reli, lakini reli haikustaafu kwake. Ugali ukichelewa dakika tano alikuwa anaula huku akitazama saa ya ukutani, si sahani. Wiki moja kabla ya safari aliwaita wazee wa ukoo akatangaza kwamba tarehe ishirini na nne, saa sita kamili, atamkatia Flavia kipande chake, upande wa chini wa kihamba, na kupanda masale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaokaa mpakani, na mlimani humo huheshimiwa kuliko hati ya wizara. Kwa ukoo wao, mzee husimamisha isale, na anayepewa hufukia udongo kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna kufukia kwa niaba. Asiyekuwepo amekataa, na habari imekwisha. Na kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kupiga filimbi kila akipumua, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema habari za mwakani.

Kilichobishaniwa kilikuwa mfereji. Unakatiza katikati ya kihamba, na kila tone la maji ya ng'ombe na mboga za Flavia lilitoka humo. Mpaka ukipita juu ya mfereji, maji ni yake. Ukipita chini, ataomba maji kwa mdogo wake mpaka afe. Godwin alisema kwenye simu kwamba yeye hana ubaya na dada yake, ila kitinda mimba ndiye mwenye nyumba ya baba, na nyumba bila maji ni picha ya nyumba. Veronika, jirani wa Flavia, alimsihi aahirishe safari. Flavia akajibu kwamba atarudi ishirini na tatu, kwani treni si ya kwenda tu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu ambaye hajawahi kusafiri kwenda kwao Krismasi, kwa sababu yuko kwao siku zote. Karani wa tiketi alimuuliza kama anakata na ya kurudi. Flavia akachungulia behewa la kushuka, viti vitupu mpaka mtu angeweza kufuga kuku, akasema ya kurudi atakata huko huko. Njiani walipishana na treni inayopanda, watu wamebanana madirishani, na Flavia akawapungia mkono akicheka mpaka Kindness akaona aibu.

Walishuka Korogwe, wakakodi gari hadi Pangani, wakavuka mto kwa kivuko, Kindness akakodi baiskeli, wakashika njia ya mchanga kati ya minazi kuelekea Ushongo. Flavia, aliyezoea kupanda au kufunga breki, alishangaa kukuta njia isiyomtaka afanye lolote kati ya hayo. Pedali zilikuwa zinazunguka bila kulalamika. Bahari alipoifikia aliionja, akatema, akaionja tena, kama mtu anayehakiki maziwa yaliyotiwa maji. Siku mbili aliogelea na gauni, akala pweza akijua anakula nini, akacheka. Lakini kila jioni aliuliza treni inapita saa ngapi, na kila asubuhi akauliza tena.

Tarehe ishirini na tatu mchana, stesheni ya Korogwe, aliambiwa kwamba nafasi za Moshi ziliisha Oktoba. Hata za kusimama. Alitoka nje akasimama barabarani kupungia mabasi. Yalikuja kumi na moja, na yote yalipita yamejaa hadi mlangoni, wengine wakimpungia yeye. Mpaka jua linaelekea kuzama alikuwa amekwisha kunyamaza, na Flavia akinyamaza, waliomzoea huanza kutafuta kazi ya kufanya. Kindness akaenda kwenye kituo cha mafuta kuuliza gari baada ya gari, na akarudi anakimbia. Alikuwa amemkuta mzee Ramnik.

Ramnik alikuwa na duka la baiskeli na vipuri mjini Moshi, alikozaliwa yeye na baba yake, na Kichaga chake kilimzidi Kindness kwa mbali. Tairi zote za Flavia zilitoka dukani kwake. Alikuwa anarudi kutoka Tanga kwa dada yake, peke yake, na gari lilikuwa na keria juu. Lakini jioni hiyo hasafiri, alisema, macho yake hayapatani na taa za malori. Wataondoka saa kumi na mbili asubuhi. Flavia alipiga hesabu ya barabara, akaona inawezekana kwa mtu anayeendesha kama watu.

Ramnik hakuendesha kama watu. Penye kibao cha hamsini alienda arobaini na tano. Pasipo kibao alienda sitini, akawasha taa ya pembeni kuwaruhusu wengine wapite, na walipita kweli, magari ya Dar moja baada ya jingine, mashangingi yenye mbuzi nyuma. Kabla ya Same alisimama kunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Alikunywa vikombe viwili, taratibu, akitazama milima ya Upare.

"Mzee, shikamoo tena," Flavia alisema. "Nakuomba. Saa sita nikikosekana, nimepoteza maji."

"Mama Kindness, nilipata leseni wewe ukiwa unatambaa. Sijawahi kukamatwa na tochi ya trafiki, wala sijawahi kumtoa mtu barabarani kwenda makaburini. Utafika ukiwa mzima, au hutafika na mimi."

Flavia alikaa mbele, mkono umeshika mlango, mguu wa kulia ukikanyaga mafuta ambayo hayakuwa upande wake. Kindness akamwambia kutoka nyuma kwamba watatoboa tu, atulie. Akaambiwa anyamaze.

Rachel alikuwa anapiga simu kwa siri, akijifanya anaangalia maharage. Rachel ana mabinti watatu na hana mtoto wa kiume, kwa hiyo hesabu ya mpaka huo alishaipiga muda mrefu: binti akinyimwa leo, wake watanyimwa kesho. Saa tatu alinong'ona kwamba wazee wamefika. Saa tatu na nusu, kwamba masale yamechimbwa, yako kumi, yamelala kwenye kivuli. Saa nne akasema Godwin, aliyewasili usiku, amemuuliza baba yao kama wataahirisha dada akichelewa.

"Mzee kasemaje?"

"Kasema saa sita, wifi. Hakusema neno lingine."

Njia Panda ya Himo ilionekana saa nne na dakika arobaini, na haikufikika. Foleni ilianza mbali, magari ya Dar mistari mitatu kwenye barabara ya miwili, injini zimezimwa, watu wamekaa juu ya boneti wanakula mahindi ya kuchoma. Trafiki mmoja alikuwa anapuliza filimbi kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Kutoka hapo mpaka Kilema ni kupanda tu, na gari halikuwa linasogea hata la kushika kushoto kwenda Moshi.

Ramnik akazima gari. Bila kuambiwa akashuka, akafungua kamba kwenye keria, akashusha baiskeli, akaibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba.

"Hii itakufikisha," alisema. "Binti na mizigo niachie mimi. Nenda."

Kindness alianza kusema njia ni ndefu, lakini mama yake alishapita katikati ya magari mawili.

Amepanda njia hiyo maisha yake yote, ila si baada ya siku mbili za kuzoeshwa tambarare. Kilomita ya kwanza alijidanganya. Ya tatu mapaja yalianza kuwaka. Foleni ilipanda naye, na ndani ya magari walikuwemo watu aliosoma nao, wakashusha vioo. Mmoja akamuuliza kama bahari imekauka. Mwingine akampa pole na kumwambia asali rozari, asogee pembeni. Penye mwinuko mkali alishuka akasukuma, ameinama mpaka kidevu kinagusa usukani, jasho likiingia machoni. Akipanda tena, mnyororo ulilalamika. Akishuka tena, magoti ndiyo yaliyolalamika. Simu ikaita mfukoni, akaiacha iite. Ikaita tena. Akijua ni saa ngapi atasimama, na akisimama hatainuka.

Alikuwa chini ya kilima cha mwisho, migomba pande zote mbili, wakati kengele ya kanisa ilipolia.

Saa sita. Wanawake waliokuwa njiani walisimama kusali. Flavia naye alisimama, si kwa sala. Alitazama juu, akahesabu kona zilizobaki, tatu. Alifikiria kukaa chini kwenye ukingo. Nani angemlaumu? Amechelewa, na aliyechelewa amekataa, na habari imekwisha. Kisha akaisukuma baiskeli, kwa sababu hata kama ameshapoteza, maziwa ya jioni yalikuwa yanamngoja yeye.

Aliingia kihambani kwa mlango wa chini, na karibu awapite. Alitegemea kuwakuta juu, kwenye mfereji. Wote walikuwa huku chini, kwenye mpaka wa njia ya kijiji: wazee watano, Rachel, Veronika, na Godwin aliyetazama saa ya mkononi kana kwamba inamdai. Mzee Kalisti alikuwa amepiga goti moja, anabonyeza udongo kwenye shina la isale. Mawili mengine yalikuwa yameshasimama nyuma yake. Mpaka wa njia haukuwa na ubishi na mtu yeyote, ulikuwepo tangu enzi za Mjerumani. Masale yake hayakuhitaji mkono wa Flavia, na hakuna aliyeyaomba.

"Umechelewa dakika kumi na nane," mzee alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikukungoja. Nilianza saa sita."

Godwin akasafisha koo. Alikumbusha, kwa heshima zote, kwamba kwa utaratibu wa baba mwenyewe, asiyekuwepo kazi inapoanza hana mpaka.

"Alikosekana kwenye mpaka wa njia," mzee akasema, akiinuka kwa kumshikilia Rachel. "Mpaka wa njia ni wangu. Wake hatujaufikia. Twendeni."

Walipanda taratibu, filimbi ya kifua cha mzee ikiwaongoza. Kwenye mfereji akachukua isale moja kutoka mikononi mwa Rachel, akamtazama binti yake. Maji yalikuwa yanapita.

"Wapi?"

"Chini, dada," Godwin alisema upesi. "Unajua desturi. Hatukukufukuza sisi, wewe ndiye uliyekwenda kuogelea, na bado umepewa. Usituletee mengine."

Flavia hakuwa na pumzi ya maneno mengi, na labda ndiyo maana yalitoka machache. Alivuka mfereji. Alihesabu hatua tatu upande wa juu, akapiga magoti, akachimba kwa vidole.

"Hapa."

"Maji hayo ni ya nyumba ya baba."

"Maji utapata, Godwin. Utakuja kuniomba, nami nitakupa. Miaka kumi na tisa nimeomba mimi."

Godwin alimgeukia baba yake. Wazee wote walimgeukia. Mzee Kalisti akamtazama mwanawe wa mwisho, akautazama mfereji. Kisha akanyoosha mguu kuvuka, na Godwin, kwa mazoea tu ya mtoto kwa baba, akamshika mkono asianguke.

Mzee alisimamisha isale kwenye shimo. Flavia akafukia, konzi kwa konzi, na baba yake akashikilia jani wima mpaka udongo ulipokaza. Akauliza yamebaki mangapi. Rachel akasema sita. Flavia akasogea hatua nne kushoto kwa magoti, kwa kuwa miguu ya kusimama hakuwa nayo, akaanza kuchimba.